Mwandiko Ulionifukuzisha Chuo

Wheaton, Marekani, Ijumaa alasiri, Agosti 1997

Binti yangu Atupele,

Baba yako ameyapakia masanduku yako garini, ameyashusha, na sasa anayapakia tena, kwa sababu haamini kwamba kompyuta itafika salama ikilazwa ubavu. Wewe umekwenda kuagana na rafiki zako kule kwenye maduka, na nyumba imetulia kidogo. Mambo ya mashuka, ya dawa ya mafua na ya kupiga simu kila Jumapili ameshakwambia yeye, tena mara mbili. Mimi nina jambo moja tu. Nimelinyamazia kwa miaka ishirini na mbili, kwa hiyo nivumilie likichukua kurasa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu lilitokea kwa Kiswahili. Wewe nijibu kwa Kiingereza ukipenda. Ila neno likikushinda, usimpigie Anko Gervas akufafanulie. Barua hii inamhusu yeye.

Turudi Jumamosi iliyopita, kwenye ukumbi wa kanisa kule Laurel, siku ya kukuaga. Unaijua desturi yetu: mtoto akiondoka, kila mtu mzima hupewa kipaza sauti atoe nasaha, awe anazo au hana. Ulikaa pale mbele na shada shingoni, ukaambiwa umche Mungu na watu saba mfululizo, ukaitikia wote kwa adabu. Kisha akasimama Gervas, na uso wako ukachangamka. Niliuona. Yeye ndiye mhandisi, kama unavyokwenda kuwa wewe. Yeye ndiye aliyekupeleka ofisini kwake ulipokuwa darasa la tisa ukaona michoro ya madaraja, na yeye ndiye aliyekuahidi kazi ya kiangazi kijacho. Akakusifu wewe, akamsifu baba yako, halafu akageukia upande wangu.

"Huyu Mama Atu mnayemwona hapa," akasema, "nilisoma naye chuo kimoja! Tulianza uhandisi pamoja, mwaka mmoja. Hesabu zilimtoa jasho, jamani, tusifichane. Lakini jikoni? Jikoni alikuwa profesa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Nawe ulicheka, mwanangu, na sikulaumu, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokufundisha mimi mwenyewe. Ulipokuwa mdogo na kuniuliza kwa nini sikumaliza chuo, nilikwambia hesabu zilinishinda.

Hazikunishinda. Nilikuwa wa kwanza.

Tulikuwa watano, tumeletwa na serikali yetu kwenye mji mmoja wa baridi katikati ya nchi hii, wanaume wanne na mimi. Gervas alikuwa mkubwa wetu kwa umri, ndiye tuliyemwita kaka, ndiye aliyetusemea kwa wakubwa. Kila Ijumaa tulikutana kwake kwa sababu chumba chake kilikuwa na jiko. Mimi nilipika ugali wa ule unga wa njano wa huku, usioiva vizuri hata uukoroge vipi, nao walikaa mezani na vitabu. Ila kabla sijashika mwiko nilikuwa nimeshafanya maswali yote ya wiki, peke yangu, maktaba. Walilijua hilo.

"Dada Sekela, lete daftari basi, tuone umefikaje hapa."

"Subirini nikoroge."

"Koroga huku unatuelekeza!"

Masista wa misheni walikuwa wamenifundisha kuandika. Mistari yangu ilinyooka bila rula na tarakimu zangu zilifanana na za kitabu. Kwa hiyo ilikubalika, sikumbuki nani aliamua, kwamba mimi ndiye nitakayeandika muhtasari wa mihadhara kwa wote. Nilipachika karatasi za kaboni, nikakandamiza kalamu mpaka kidole cha kati kikaota sugu, nikatoa nakala tano. Ile yangu, kwa kuwa mimi ni dada, ilikuwa ya chini kabisa, iliyofifia.

Hakuna aliyenilazimisha, Atu, na hapa ndipo ninapotaka uniangalie vizuri. Nilikuwa na miaka ishirini, mbali na mama yangu, na wanaume wanne hawakuweza kuimaliza wiki bila mimi. Niliona raha. Nilitembea kwenye theluji na daftari zao kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hizo, vingine vimeandikwa na wanawake wenye hasira kuliko mimi, na wote wanaeleza jinsi mwanamke anavyonyonywa. Wachache wanakiri kwamba mwanzoni tunapenda kuombwa.

Karibu na mwisho wa mwaka tulipewa kazi ya kupiga hesabu za daraja la vyuma, kila mtu peke yake. Nilifanya yangu kwa siku nne. Nilikosea mahali pamoja: nguvu iliyopaswa kuvuta nikaichora inasukuma. Gervas alikuwa amechelewa na mambo yake ya uongozi, akaja Ijumaa kuchukua daftari langu, akanakili daraja zima. Akanakili na kosa. Mwalimu hakuwa kipofu.

Gervas aliniita kabla mwalimu hajaniita.

"Kaa, mdogo wangu. Mimi nimeshahojiwa. Nimesema sijui kitu. Kesho zamu yako."

"Nitasema ukweli."

"Ukweli upi?"

"Kwamba ulinakili kwangu, kaka."

Hakukasirika. Angekasirika labda ningepona. Alinimiminia chai, akaweka sukari mwenyewe, akaikoroga.

"Sekela, wakinirudisha mimi, mama yangu mjane na wadogo zangu sita watamtazama nani? Wewe ni mtoto wa kike. Utaolewa, utatunzwa. Sema ulinakili kwangu, watakupa onyo, basi. Tena wakisema Watanzania wawili ni wezi, nani ataletwa tena huku? Mambo yetu tuyamalize wenyewe. Au unataka tuaibike mbele ya Wazungu?"

Asubuhi yake nilikwenda kwa mwalimu nikakiri kwamba nimeiba kazi ya Gervas.

Nilitegemea angalau ashtuke. Mtu huyo alikuwa amesahihisha kazi zangu mwaka mzima, anazijua alama zangu na anazijua za Gervas. Angeniuliza swali moja tu juu ya lile daraja, moja, ningemjibu bila karatasi, na uongo wangu ungekufa palepale. Hakuuliza. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa chakula alichoagiza, akaandika. Msichana ameiba kwa mvulana: kwake dunia ilikuwa sawasawa. Naye yumo kwenye hesabu yangu ya kisasi, ila alikwisha kufa. Nilichelewa.

Hawakunipa onyo. Walinifukuza, na barua ya serikali kutoka nyumbani ikafuata kunifutia ufadhili wa masomo. Gervas alinisindikiza hadi kituo cha basi. Alinibebea sanduku, nakiri hilo. Akaniambia, "Dada, hatutakusahau." Na kweli, Jumamosi iliyopita alinikumbuka. Alinikumbuka kama mpishi.

Nyumbani sikurudi. Ningemwambia nini mama yangu, aliyekwisha kuwaambia watu wa Tukuyu kwamba binti yake anajenga madaraja Marekani? Nilikuja hapa Washington kwa binti wa shangazi yangu aliyekuwa akilea watoto wa watu, nikalea nami, nikaolewa na baba yako, ukazaliwa wewe. Kisha nikapata kazi maktaba, kurudisha vitabu rafuni, na ukweli ni kwamba vingi vilichelewa kurudi kwa sababu nilivisoma kwanza nikiwa nimesimama.

Miaka kumi baada ya kile kituo cha basi, kengele ililia nikafungua, naye amesimama na mkewe na keki. Kampuni imemhamishia Laurel, amesikia tupo. "Dada yangu!" Unajua nilifanya nini? Nilimkaribisha. Nilimpa chai. Wewe ulikuwa na miaka sita, ukamkalia magotini.

Watu wa hapa wananiita mkorofi, na sikatai. Nimegombana na mchungaji kwa sababu ya nafasi ya wanawake kanisani. Nimegombana na wenye nyumba. Nimewaandikia wahariri barua mpaka baba yako akaninunulia taipureta ya pili, maana ya kwanza ilikufa kwa kazi. Nimeandika juu ya wezi wa nchi tatu tofauti. Juu ya Gervas sikuwahi kuandika hata sentensi moja. Nimepigana na kila mtu ila yule niliyekuwa na ugomvi naye, na nadhani wale wengine wote walikuwa wanapokea ngumi zilizokuwa zake.

Sasa nikwambie kosa langu lililo kubwa kuliko lile la chuo, kwa sababu hili nilikukosea wewe.

Ulikuwa darasa la kumi. Ulikaa mezani na swali la fizikia, mzigo umewekwa kwenye mteremko, nami nilikuwa ninaosha vyombo. Ulikuwa unasema kwa sauti kila unachoandika, na nikasikia unapoteleza: uliugawa uzito vibaya, sehemu ya kuteremka umeiweka mahali pa sehemu ya kukandamiza. Nililijua jibu kabla hujamaliza kulisoma swali. Mikono yangu ilikuwa ndani ya povu. Ningegeuka na kukuelekeza, ungeniuliza, mami, umejuaje? Nami ningelazimika kukueleza yote haya. Basi nikaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Ukanyanyua simu, ukampigia Gervas. Nikamsikia akikufundisha kwa njia ndefu, ya kuzunguka, na mwisho akakuachia kosa la alama, kujumlisha mahali pa kutoa, ambalo uliligundua mwenyewe. Ulipokata simu ulisema, "Anko ni jiniasi." Nikajibu, "Ndiyo, ana akili." Nikajifuta mikono nikaenda kujifungia bafuni.

Hivyo ndivyo nilivyompa zawadi ya pili. Ya kwanza ilikuwa daraja langu. Ya pili ulikuwa wewe.

Huenda ningeendelea hivyo mpaka kaburini kama si Julai, ulipokwenda kule chuoni kwa siku mbili za kuwakaribisha wageni. Ulirudi unameremeta. Mmepangwa vikundi, mmejenga mnara kwa mirija ya soda, wenu umeshinda.

"Nani alijenga?" nikakuuliza.

"Sisi wote, mami."

"Nani alishika mirija?"

"Wale wavulana watatu. Mimi walinifanya katibu. Walisema mwandiko wangu ni mzuri sana."

Ukaendelea kula. Hakuna aliyekufundisha kuandika hivyo ila mimi.

Watakuomba tena. Wiki ya kwanza ya maabara, kabla hamjajuana majina, mtu atasema "wewe andika", kwa upole, kwa kusifu, na hatakuwa mtu mbaya. Gervas naye hakuwa mtu mbaya alipoomba daftari mara ya kwanza. Mwenye kalamu haigusi mashine, na mwisho wa muhula wao watakuwa wameungua vidole na kujua kwa nini, nawe utakuwa umeandika vizuri jinsi walivyoungua. Shika mashine. Wakikuona mkali, waache wakuone mkali. Mimi niliwahi kuonekana mpole, na unaona nilipo.

Utaanguka mtihani wa kwanza. Nakwambia hivyo bila kukuombea mabaya: kila aliyekuwa wa kwanza kwao ameletwa pale, na wote hawawezi kuwa wa kwanza tena. Wengi huona aibu, wakajificha. Mimi kwa mwaka mzima sikuingia ofisi ya mwalimu hata mara moja. Nililelewa kwamba kwa mwalimu huendi mpaka uitwe, kama kwa mkuu wa wilaya. Wenzangu Wamarekani waliingia mle na kutoka kama dukani. Siku yangu ya kwanza kuingia ndiyo siku niliyokwenda kukiri wizi. Fikiri, Atu: kama angekuwa ameshanisikia nikibishana naye mara kumi juu ya vyuma na mishale ya nguvu, je, angeniamini niliposema nimeiba? Nenda ukabishane na mwalimu wako. Nenda hata kama huna swali, litapatikana njiani. Ajue kichwa chako kinavyofanya kazi kabla mtu mwingine hajamweleza.

Sasa nimalizie ya Jumamosi, maana hukuiona sehemu ya mwisho. Ulikuwa unapakia masinia kwenye gari. Mimi nilimfuata Gervas mpaka kwenye gari lake.

"Umesema hesabu zilinitoa jasho."

"Ah, utani tu, Mama Atu! Watu wa nyumbani tusitaniane?"

"Jumapili ya wiki ijayo kuna mkutano wa umoja wetu, nawe unaomba uenyekiti. Utasimama uwaeleze nani alilipiga hesabu lile daraja. Usiposimama wewe, nitasimama mimi."

Tabasamu lake halikuondoka, ila lilibaki peke yake usoni. Akatazama kule ulikokuwa, unacheka na wenzako, shada bado shingoni.

"Dada Sekela. Ile nafasi ya Atu ya kiangazi, karatasi iko mezani kwangu. Mimi ndiye ninayesaini. Mtoto ana miaka minne mbele yake, ya nini kuchimbua makaburi? Fikiri kama mama."

Miaka ishirini na mbili imepita, na mtu yuleyule ananikorogea chai ileile. Mara ya kwanza nilinunuliwa kwa wadogo zake sita. Sasa ananinunua kwa mtoto wangu mmoja.

Nimefikiri kama mama kwa siku sita. Sikukuuliza, kwa sababu ungeniambia ninyamaze au ungeniambia niseme, na vyovyote vile ungekuwa umebebeshwa mzigo usio wako. Baba yako nimemweleza jana, yote, kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, "Mama Atu, ukianza vita niambie mapema, niweke mafuta kwenye gari." Ndiyo baraka zake hizo.

Kanisani wananiambia kisasi ni cha Mungu. Sawa. Lakini aliyeshika kipaza sauti Jumamosi hakuwa Mungu. Na usinisaidie kwa kuliita jambo hili haki. Haki ingekuwa kurudishiwa miaka yangu, na hakuna mwenye kuirudisha. Ninachotaka ni kumwona Gervas akitazamwa na watu walewale waliocheka, na kicheko kimewakauka. Nakitaka hicho sana. Nimekitaka nikiosha vyombo, nikipanga vitabu, nikikusuka nywele. Nisingekuwa mkweli kwako kama ningekwambia nafanya hili kwa ajili yako. Nafanya kwa ajili yangu, nawe litakugharimu.

Kwa maana ile kazi utaikosa. Najua ulivyoihesabia. Najua wenzako wataulizwa kiangazi walifanya nini nao watakuwa na la kusema. Nimekupokonya mlango uliokuwa wazi, na sina mwingine wa kukupa. Ukinichukia kwa muda, nichukie. Sitakuja na keki.

Jumapili saa nane mchana nitasimama. Wewe utakuwa umeshalala usiku wako wa kwanza kule chuoni kwako milimani, na huenda simu itakufikia kabla yangu. Atakuwa mtu mwenye sauti ya huruma, labda Gervas mwenyewe, labda mkewe, atakwambia mama yako ameshikwa na wazimu ukumbini, amekuharibia maisha kwa sababu ya daraja la karatasi. Usinitetee. Mwambie ni kweli, ameniharibia kazi. Halafu kata simu, Atu, uingie darasani.

Mama yako Sekela,
aliyefukuzwa chuo kwa kuiba kazi yake mwenyewe